Migomba Niliyoikana

Kwetu mlimani, upande wa Kilimanjaro nilikozaliwa, mwanamke akijifungua hapewi ugali. Anapewa mtori. Ndizi zinamenywa, zinachemshwa na nyama ya mifupa mpaka nyama iachie, zinapondwa, zinatiwa maziwa, na mzazi anakunywa bakuli baada ya bakuli mpaka mashavu yajae. Naanza na hili ili nisieleweke vibaya. Wachache niliowasimulia habari hii walisema nilikuwa na moyo mzuri mwanzoni, kisha nikaharibika. Hapana. Nilifanya kwa sababu ndivyo nilivyolelewa, na mwanamke wa kwetu hawezi kumwona mzazi anakunywa uji mweupe akapita zake. Moyo mzuri ni kitu kingine, na wangu nilikuja kuujua baadaye, kwenye baraza la ardhi.

Kiwanja chenyewe kiko juu kidogo ya Ngaramtoni, ukiiacha barabara ya Nairobi na kupanda upande wa mlima. Tulikinunua mimi na marehemu mume wangu tukiwa bado tuna nguvu, yeye dereva wa lori, mimi nauza vitenge mjini. Karatasi ya mauziano iligongwa muhuri ofisi ya kijiji, mashahidi wakaweka sahihi, kona zote nne tukachimbia mawe. Kila mwaka ulikuwa mwaka wa kujenga. Mara ada za watoto, mara lori limeua injini, mara mama mkwe kalazwa. Mwisho mume wangu mwenyewe alifariki, na kiwanja kikabaki na mawe yake manne na nyasi za kufika kiunoni.

Shemeji yangu, mdogo wa marehemu, ndiye aliyesema niweke mtu. "Kiwanja kitupu, shemeji, ni sawa na kuwaita wezi kwa tarumbeta," alisema. "Leo wanachunga mbuzi, kesho wanachimba msingi." Shemeji ana akili za mahakamani ingawa hajawahi kuwa hata karani. Na kwa hilo alikuwa sahihi, tusimsingizie mtu. Viwanja vya jirani vilikuwa vinaliwa hivyo hivyo, hatua moja moja.

Tukapata mke na mume, Waarusha wa huko huko chini ya Meru. Mume saidia fundi, mke binti mwembamba, mkimya, angeweza kuwa mtoto wangu wa mwisho. Shamba la ukoo wa mume lilikuwa limegawanywa kwa kaka zake mpaka likabaki vipande vya kupandia mchicha, yeye akakosa hata hicho. Tukapatana. Watajenga chumba chao kwa vifaa vyao, watakaa bure, watalima mahindi na maharage, na kazi yao ni kuonekana tu, moshi utoke, nguo zianikwe, ijulikane pana watu. Shemeji akaandika karatasi, tukaenda kuisaini kwa mwenyekiti wa kitongoji. Masharti yalikuwa mawili. Wasipande mazao ya kudumu, na wasizike mtu.

"Mgomba na kaburi," shemeji aliniambia tukirudi. "Mtu akishakuwa na vitu hivyo viwili kwenye ardhi yako, humtoi tena." Nilimcheka. Nilimwambia wewe kila mtu unamwona mwizi, hata mchungaji ungempekua.

Mwaka wa pili, masika, nilipanda kwenda kuangalia kiwanja changu. Nikakuta mlango wa chumba umerudishwa, na ndani binti wa watu kalala na kichanga cha siku tatu. Mume yuko kazini Usa River, harudi mpaka Jumamosi. Mama mzazi wa binti alishafariki. Jirani alikuwa amempikia uji wa unga mweupe, mwepesi, unaona mpaka chini ya kikombe. Jamani! Nilipiga kelele. Nilimgombeza jirani, nikamgombeza mume ambaye hakuwepo, nikamgombeza na binti mwenyewe kwa nini hakuniletea habari. Kisha nikavua koti, nikachemsha maji, nikamwogesha mtoto.

Kesho yake nilirudi na mtori ndani ya ndoo yenye mfuniko, nimeifunga na khanga mbili usipoe. Nilifanya hivyo karibu siku kumi, biashara yangu ikasimama. Na wiki iliyofuata nilikwenda nyumbani kwa kaka yangu, nikamwomba machipukizi matatu ya mchare, ndizi hasa za mtori. Nikayafunga mizizi kwa gunia bichi, nikapanda nayo basi mpaka Arusha. Mashimo nilichimba mimi kwa mikono yangu, nyuma ya chumba chao, maana mzazi hachimbi. Yeye alikaa mlangoni na mtoto kifuani, ananiangalia. Nilimwambia, "Ukipata wa pili hutahangaika, ndizi zitakuwa hapo hapo."

Karatasi ya shemeji haikupita kichwani mwangu hata kidogo. Haki ya Mungu. Sikusema moyoni "navunja sharti," wala "haya ni mazao ya kudumu." Niliona mzazi na kiwanja kisicho na mgomba, basi. Labda wanasheria wa Dar es Salaam wasingekosea hivyo. Sisi tuliozaliwa mgombani tunakosea.

Tangu siku hiyo akawa ananiita yeyo, yaani mama kwa lugha yao, si mama wa heshima tu. Mtoto, msichana, alipoanza kusema akaniita koko, bibi. Na migomba ikazaana kama ilivyo desturi yake, ikawa kichaka kizuri cheusi nyuma ya nyumba. Kila mkungu wa kwanza wa msimu uliletwa kwangu Kimandolu nilikopanga. Nilizipokea ndizi, nikazimenya, nikala. Hata hapo karatasi ya shemeji sikuikumbuka.

Mume wa yule binti alikwenda Mererani kutafuta maisha migodini. Alituma salamu mara mbili, halafu kimya. Mpaka leo hajulikani yuko hai au vipi. Binti akabaki na mwanae. Alikuwa akifua nguo za watu, akiuza maziwa ya ng'ombe mmoja aliyekuwa akimtunzia mtu, na kiwanja changu akikilinda kweli kweli. Mara moja walikuja watu na kamba za kupimia, wakidai wameuziwa kona ya juu. Alisimama kwenye jiwe la mpaka, kwa miguu yake miwili, akawaambia wampige kwanza. Wakaondoka. Nilisimuliwa na majirani. Yeye mwenyewe hakuniambia.

Sasa nyumba ya Kimandolu. Nilikuwa nimekaa pale tangu mume wangu akiwa hai, vyumba viwili na ukumbi mdogo, mwenye nyumba mzee mstaarabu aliyekuwa akinipandishia kodi kwa aibu. Mzee alipofariki, watoto wake walikuja na karatasi wakiwa watatu, wamevaa vizuri. Nyumba imeuzwa. Mnunuzi anataka kuvunja na kujenga ghorofa. Miezi mitatu, mama, utupishe.

Nililipuka. Mdomo wangu haujui breki. Niliwaambia rangi ya ukuta huu nimepaka mimi, choo hiki kimezibuliwa na mimi, baba yenu alipougua uji wake ulitoka jiko hili, ninyi mlikuwa wapi? Wakanisikiliza mpaka mwisho. Kisha yule mkubwa akasema kwa upole kabisa, "Mama, tunakuheshimu sana. Lakini nyumba ni ya kwetu." Ilikuwa ya kwao. Unaweza kupaka ukuta wa mtu rangi mpaka kiama, ukuta ni wake.

Wiki nzima sikula vizuri. Mwanamke wa umri wangu, miguu imeanza kuvimba, naanza kuzunguka na madalali kutafuta chumba! Ndipo nikasema hapana, yatosha. Kiwanja ninacho. Nitauza kila kitenge dukani, wanangu watachanga, nitajenga. Mbele nyumba ya kuishi mimi, na nyuma vyumba sita vya kupangisha, viwe shamba langu la uzeeni, maana mfanyabiashara wa vitenge hana pensheni. Fundi akaja, akapima. Vyumba sita vilianzia palipokuwa na chumba cha binti na kuishia ndani ya migomba.

Nilikwenda kumwambia mwenyewe, sikutuma mtu. Nilimkuta anakoroga majivu na maji apake kuta za ndani. Alinisikiliza akiwa ameshika fimbo ya kukorogea. Nilipomaliza aliuliza swali moja tu, "Yeyo, sisi twende wapi?"

Nikamwambia atafute, nitampa muda. Halafu akasema kwamba hadai kiwanja, anajua ni changu, hata mtoto anajua. Aliomba kona moja, pale mwisho kabisa nyuma ya migomba, ya kutosha chumba kimoja. Atanilindia nyumba, atanifulia, nikiugua atakuwepo. "Sitaki karatasi," alisema. "Niambie tu kaa."

Nikasema nitafikiri. Na nilifikiri kweli, msinione mnyama. Chumba kimoja kati ya sita, nini? Lakini shemeji alipopata habari alishika kichwa. Leo unampa kona, alisema, kesho mume anarudi kutoka Mererani, keshokutwa mtoto anaolewa anataka kona yake, na wewe umeshakufa, wanao wanagombana na watu wasiowajua kwenye ardhi ya baba yao. Utamwambia nini marehemu? Alinishika pabaya. Nikatuma jibu kwa simu, tena kwa ujumbe wa maandishi, mimi ambaye sijawahi kukosa maneno ya kumwambia mtu usoni. Haiwezekani. Aondoke baada ya kuvuna.

Baada ya siku chache nikaletewa wito kutoka baraza la ardhi la kata. Majirani walikuwa wamempa maneno: migomba ni mazao ya kudumu, aliyekuruhusu kupanda amekuruhusu kukaa, nenda ukaseme. Akaenda, akaandikisha kwamba migomba ile aliletewa na mimi mwenyewe.

Nilivyokasirika siku hiyo, Yesu wangu anajua. Niitwe barazani, mimi! Na mtoto niliyemlisha kwa mkono wangu! Nilisahau kabisa kwamba nilikuwa namfukuza. Niliona dharau tu. Ukiwa na hasira unajiona wewe ndiye mwenye kidonda. Shemeji alifurahi, maana alikuwa anasubiri siku kama hiyo maisha yake yote. "Swali litakuwa moja," aliniambia. "Migomba nani kaipanda. Wewe hujui. Ulikuta imepandwa. Kwisha, usiongeze neno."

"Lakini nilipanda mimi."

"Nani aliona?"

Nikafikiri. Jirani yule wa uji alishahamia Makumira kwa mwanae. Kaka yangu aliyenipa machipukizi alishafariki. Mume yuko Mererani au kaburini. Tulibaki binti na mimi.

Baraza lilikaa kwenye chumba cha ofisi ya kata, mabenchi ya shule, dirisha moja limevunjika kioo. Wajumbe walikuwa sita na mwenyekiti wao. Walitusalimia vizuri, wakasema wao kazi yao ni kupatanisha, si kuhukumu, tusiogopane. Binti alikuwa amevaa gauni lake la kanisani. Aliponiona aliinuka, akaja na kuinamisha kichwa, akaniamkia shikamoo kama siku zote. Nikaitikia nikiangalia pembeni.

Shemeji akasoma ile karatasi, masharti mawili, kwa sauti ya juu. Mwenyekiti akauliza kama kweli sahihi ya chini ni ya binti. Akakubali. Akaulizwa anachotaka. Akasema kona. Hapo mjumbe mmoja mwanamke, mtu mzima, kilemba cheusi, akanigeukia. Alikuwa na uso wa mtu aliyezaa na kuzika. Akasema, "Mama, mimi naomba niulize kitu kidogo. Karatasi inakataza migomba. Migomba ipo, tena mikubwa, na huyu binti ameandika kwamba uliileta wewe alipojifungua. Ni kweli?"

Nataka kusema niliyoyasikia moyoni, maana nimeyachunguza mara nyingi. Sikusikia shetani. Niliona vyumba sita. Nikaona madalali wa Kimandolu, na mimi na mabegi yangu nyuma yao. Nikajiona mzee, nimelala kwenye ukumbi wa mkwe wangu, nakohoa kwa kujibana nisiwaudhi. Na nikasema kwa sauti safi kabisa, "Sijui habari hiyo. Nilikuta imepandwa."

Yule mama wa kilemba aliendelea kuniangalia. Nilimgeukia binti nikiwa nimejiandaa, maana nilijua sasa atalia, atapiga kelele, ataapa, atataja ndoo na khanga na gunia bichi, na mimi nitalazimika kuongeza uongo juu ya uongo. Nilikuwa tayari hata kula yamini. Nasema ukweli, nilikuwa tayari.

Binti aliniangalia. Hakuwa na hasira. Alikuwa kama mtu aliyemfumania mzazi wake bafuni, akarudisha pazia haraka. Akasimama, akamwambia mwenyekiti, "Nilikosea kuandika. Nilipanda mwenyewe."

"Mwenyewe?" mwenyekiti akauliza. "Kwa hiyo umemsingizia mama wa watu?"

"Nilikosea."

Yule mjumbe wa kilemba akasema, "Binti, usiogope mtu hapa. Sema kweli." Binti akarudia maneno yale yale, nilipanda mwenyewe, na akakaa.

Mwenyekiti akanigeukia. "Mama, una neno la kuongeza?"

Ndiyo nafasi niliyopewa. Sikutegwa, sikubanwa. Mlango ulikuwa wazi na watu wazima saba walikuwa wananisubiri. Nilisema, "Sina."

Basi ikaandikwa kwamba tumepatana. Ataondoka baada ya mavuno, atachukua vifaa vyake, hana dai lingine. Mwenyekiti alimkaripia kidogo, si kwa ubaya, kwamba si vizuri kumlipa mtu wema kwa maneno ya uongo, na kwamba kwa mila zetu zote, za Waarusha, za Wameru na za Wachaga, mkubwa huombwa radhi. Akamwambia aniombe msamaha mbele ya watu tuagane kwa amani. Akaja. Akapiga goti kwenye sakafu ile ya saruji. Akasema, "Yeyo, nisamehe."

Nikasema, "Nimekusamehe."

Mpaka leo, nikiwa kanisani tukifika mahali pa kuungama dhambi, mdomo wangu unasoma pamoja na wengine, lakini sauti ninayoisikia ni hiyo. Nimekusamehe. Sijui ni pepo gani aliyenipa ujasiri wa kulitamka.

Hakusubiri mavuno. Nilipopanda na fundi baada ya wiki tatu nilikuta chumba hakina bati wala mlango, kuta za udongo zimesimama peke yake. Mahindi aliyaacha shambani mabichi. Uwanja ulikuwa umefagiliwa. Fundi alinisifu, akasema una bahati, mama, wengine wanaondoka wamevunja kila kitu na kukuwekea uchawi. Migomba ilikatwa kwa siku moja. Ina maji mengi ile, panga linateleza tu.

Nilijenga. Nyumba ninayo, na ni nzuri, namshukuru Mungu, ukikaa barazani asubuhi kukiwa hakuna mawingu unauona Meru wote. Vyumba sita navyo nimevimaliza, na wapangaji wapo. Sitasema uongo mwingine kwamba nilikosa usingizi ndani ya nyumba ile. Nililala. Mtu akitoka kwenye kupanga miaka yote ile, akafunga mlango wake kwa ufunguo wake, analala. Kilichokuwa kinanisumbua ni mchana, pale mtu akinisifia. Majirani wakisema mama umejitahidi, mama umetulia, nilikuwa natamani wanyamaze.

Ilichukua miaka miwili kupiga moyo konde. Chumba kimoja kilikuwa kimebaki wazi mwezi huo, mpangaji kahamishwa kikazi. Nikasema hii ndiyo dalili. Siku ya soko nikashuka Ngaramtoni, kwenye wauza maziwa, nikaulizia. Wakanielekeza. Kumbe hakuwa mbali hata kidogo, ni mwendo wa mguu kutoka kwangu, uani kwa mtu, vyumba vinatazamana na bomba moja katikati. Kilikuwa chumba chake cha nne tangu aondoke. Cha kwanza mwenye nyumba alikuwa anamsumbua, cha pili kodi ilipanda, cha tatu kiliuzwa. Hayo aliniambia nilipomuuliza, alikuwa akijibu ninachouliza tu.

Alinikaribisha, akanipa kiti, yeye akakaa kitandani. Alikuwa amekonda. Akaamkia, shikamoo yeyo, nikasikia aibu kuitikia lakini nikaitikia, ningefanyaje? Nikamwambia nilichokuja kusema. Nilisema bila kuzunguka: nilidanganya, nilijua nadanganya, wewe ulisema kweli. Kwa nini hukunipinga?

Alitazama mikono yake. "Watu walikuwa wengi," alisema. "Ulinipikia uzazi. Ningekuvuaje nguo mbele za watu?"

"Lakini ulipoteza nyumba!"

"Nilijua."

Nililia. Nililia kwa sauti, mwanamke mzima, mpaka mpangaji wa jirani akachungulia. Yeye hakulia. Alisubiri nimalize, akaniambia nisijali, alishasamehe siku nyingi, na alilisema haraka kama mtu anayekulipa deni uondoke. Nikajifuta. Nikamwambia habari ya chumba. Kiko wazi, aje yeye na mtoto, bure, leo hii akitaka.

Aliinua uso. Nikaona kitu kikipita machoni mwake, matumaini labda, kidogo sana. Akauliza, "Mpaka lini, yeyo?"

Na mimi, mwenye mdomo usio na breki, nikakwama. Ningeweza kusema siku zote. Ningeweza kusema twende kwa mwenyekiti wa kitongoji sasa hivi tukaandike. Nilimsikia shemeji kichwani, nikawaona wanangu, nikaona hati yangu ndani ya bahasha kabatini. Nikasema, "Kwa sasa njoo ukae. Mengine tutaona."

Akatikisa kichwa taratibu. "Hapana, yeyo. Ahsante. Hapa angalau nalipa. Najua mwisho wa mwezi ni lini."

Ndipo mtoto akatokea mlangoni, katoka shule, sare ya bluu, soksi moja imeshuka. Amekuwa mrefu. Alinitambua pale pale. Alitupa mfuko wa madaftari chini akanikumbatia kiunoni, mtoto wa watu, hana habari ya mabaraza. "Koko! Umekuja kutuchukua? Tunarudi nyumbani?"

Nilimwangalia mama yake aniokoe, kama alivyoniokoa mara ya kwanza. Safari hii aliniacha nijibu mwenyewe.

"Hapana, mwanangu," nikasema.

"Kwa nini?"

"Kule ni kwangu."

Aliniachia. Alifikiri kidogo, kidole mdomoni, akauliza kwa sauti ya kutaka kujua kweli, "Na kwetu ni wapi?"